Miwaridi ya Shosho na Bomba Nililoazima

Ijumaa. Mawingu mazito, baridi ya kuuma vidole, mvua haijaamua.

Wewe uliyefika hapa, nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Kila neno utakalosoma libaki kwako. Usilinakili, usilitume kwenye kikundi cha mtaa wetu, usimsimulie hata mtu unayemwamini. Wajukuu wa Shosho wana simu, na Shosho anapaswa kusikia jambo hili kutoka kinywani mwangu. Ninyamazie mpaka jioni ipite.

Naandika nikiwa kazini, saa ya chakula. Githeri yangu, mahindi na maharagwe ya jana, iko kwenye mkebe, imepoa. Sijaigusa.

Shosho ndiye mwenye nyumba yangu. Hatuna undugu; shosho ni bibi, na mtaa mzima humwita hivyo. Ana nyumba ya zamani ya mawe, na nyuma yake kuna chumba kimoja, ndicho changu. Mbele kuna miwaridi sita, myekundu na mmoja wa manjano. Kila Jumamosi hukata maua, huyaloweka kwenye ndoo, na Jumapili huyapeleka madhabahuni. Wenzake kanisani wana sauti za kuimba. Yeye husema Mungu alimnyima sauti akampa mkasi.

Kabla ya hapo niliishi mtaa wa Kware, ghorofa ya sita, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Nguo hazikukauka na mimi nilikohoa mwaka mzima. Shosho alinipa chumba chenye jua. Kisha akazungumza na mkwewe, msimamizi wa ghala la maboksi hapa mtaa wa Baba Dogo, nikapata kazi ya ukarani. Kwa hiyo nyumba na kazi vimefungwa kwa kamba moja, na kamba iko mkononi mwake.

Sijawahi kulalamikia kamba hiyo mpaka mwezi huu.

Masika yalipokolea, majani ya miwaridi yalianza kutoka madoa meusi yenye ukingo wa manjano, kisha yakadondoka. Shosho alihuzunika. Mimi nikajitolea, kwa sababu nimesoma na napenda kuonekana nimesoma. Nilitafuta na kuelewa kwamba ni ukungu, unaopenda majani yanayolala na maji. Nikayachuma yote yenye madoa, nikaokota yaliyoanguka, nikayachoma. Nikamwonyesha Shosho kumwagilia shinani asubuhi badala ya kuogesha majani jioni. Nikanunua dawa ya ukungu kwenye duka la dawa za mimea, nikasoma karatasi yake mara tatu, nikapima kwa kijiko.

Yote hayo nilifanya vizuri. Nataka hilo lijulikane.

Sikuwa na kitu cha kupulizia. Nikaazima bomba kwa Mzee Mutiso, anayetunza ua wa ghala. Nikalisuuza kwa maji mara mbili, nikapuliza miwaridi yote sita, juu na chini ya majani, kwa uangalifu wa mtu anayejisifu kimoyomoyo. Jumapili hiyo Shosho aliniombea kanisani kwa jina.

Wiki tatu baadaye machipukizi yalitoka. Hayakuwa majani. Yalikuwa nyuzi nyembamba, zimepauka, zimejikunja na kusongamana pamoja kama ufagio wa chelewa. Vitumba vya maua vilikauka kabla ya kufunguka. Shosho alivigusa kimoja kimoja, kisha akatazama mfereji unaopita kando ya ua wake.

Mfereji huo hutoka kwa Mama Yusuf, jirani yetu. Mama Yusuf huosha mazulia ya maduka ya Eastleigh. Huyatandaza uani, huyasugua kwa brashi akiwa peku, na maji ya sabuni hupita mbele ya miwaridi ya Shosho kwenda barabarani. Yamepita hapo miaka yote na miwaridi ikachanua. Lakini mtu aliyeumia hutafuta kilicho karibu.

"Ni sabuni yake," Shosho alisema. "Nilimvumilia kwa sababu ni mjane kama mimi. Sasa ameniulia."

Mimi nilinyamaza. Siku hiyo nilikuwa sijui, kwa hiyo ukimya ule najisamehe.

Jumatatu ya wiki hii nilijua. Nilimkuta Mzee Mutiso nyuma ya ghala na lile bomba mgongoni, akipuliza magugu ya ukutani. Yale ya wiki zilizopita yalikuwa yamejikunja, yamekuwa nyuzi zilizopauka. Nikamsogelea.

"Mzee, bomba hili ni la dawa gani?"

"La kila kitu. Leo magugu, kesho kunguni wa walinzi. Kwani?"

"Nilisuuza kwanza."

"Kwa sabuni?"

"Kwa maji."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Maji tu. Na wewe ndiye wanakuita msomi. Dawa ya magugu hung'ang'ania bomba kama mkwe mlafi, karani. Bomba huoshwa kwa sabuni, likalowekwa usiku kucha, likarudiwa. Kila mkulima Machakos anajua." Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. Akaniambia nikate matawi mpaka chini ya palipoharibika, nimwagilie maji kwa wingi, nisiweke mbolea, nisubiri. Mengine yatafufuka, alisema, mengine hapana.

Jioni hiyo nilikwenda nyumbani nikiwa na maneno tayari. Shosho alikuwa mlangoni akinisubiri na karatasi.

Wenye nyumba wa safu yetu watakutana kesho, Jumamosi alasiri. Shosho anataka Mama Yusuf azuiwe kuosha mazulia nyumbani, na wengi wamekubali, maana kila mmoja ana lake kuhusu ule mfereji. Walihitaji barua ya malalamiko. "Nimewaambia tuna karani wetu," alisema. "Wewe uliitibu miwaridi, wewe unajua ilivyokuwa. Andika vizuri, kwa Kiswahili cha shule."

Nilisema sawa, Shosho.

Ukimya huu wa pili ndio siwezi kujisamehe.

Jumanne niliandika barua yao. Ilikuwa nzuri, na hilo linanitisha. Ilisema maji yenye kemikali, ilisema uharibifu unaoonekana wazi. Mtu yeyote angeiamini. Jumatano Mama Yusuf aliniita nikipita. "Karani, mbona umekunjamana hivyo, kama zulia lililosahauliwa stoo? Kunywa chai." Nikanywa chai yake. Aliniambia amesikia kuna mkutano, na kwamba akikatazwa hapa hana ua mwingine. Hakuniuliza lolote. Nilimaliza kikombe nikashukuru.

Usingizi umenitoroka tangu hapo. Nikisema, napoteza chumba, pengine na kazi. Nikinyamaza, mwanamke asiye na kosa anapoteza riziki kwa mwandiko wangu. Nimezunguka hesabu hii kila upande nikitafuta mlango, na kila mlango unatokea kwa Shosho.

Jana nilichana ile barua. Nikaandika nyingine, fupi: bomba lilikuwa langu la kuazima, kosa langu, sabuni haihusiki. Asubuhi ya leo nikampelekea Shosho jikoni. Akaigeuza, akaisogeza mbali na macho, akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia.

"Macho hayanisaidii. Utanisomea jioni, karani wangu."

Nilikuwa nimesahau. Mimi ndiye humsomea kila kitu: karatasi za maji, za hospitali, ujumbe wa wanawe. Amezoea kuniamini. Jioni naweza kushika karatasi ile na kusoma ile barua niliyoichana, ninayoikumbuka neno kwa neno, na hatajua. Nilitoka mpaka langoni nikiwa nimeshaanza kuipenda njia hiyo. Nakiri hilo hapa kwa sababu sina pengine.

Kwa hiyo nikageuka, nikaingia kwa Mama Yusuf na nakala ya pili. Alikuwa juu ya zulia, povu likimfika vifundoni.

"Ndiyo ya kunifukuza hiyo?"

"Isome, mama."

"Mikono imelowa. Iweke pale dirishani, juu ya jiwe, isipeperuke."

Nikaiweka. Yeye husoma bila miwani. Kufikia sasa ameshasoma, na jioni nitamsomea Shosho maneno yaleyale, kwa sababu hayapo mengine tena.

Ukitaka kunifikia, usipige simu. Nimeizima, kila ikilia nafikiri ni mkwe wa Shosho. Niandikie hapa chini ya ukurasa, jina lolote litatosha, hasa kama umewahi kuokoa mwaridi ulioguswa na dawa ya magugu. Kuanzia Jumapili usibishe kwa Shosho. Pita kwa Mama Yusuf, umuulize kama bado nipo. Akikuonyesha mbele ya nyumba ya jirani, utanikuta nimeinama nakata matawi. Njoo na mkasi mkali. Akisema nimehama, mwachie yeye ujumbe. Atajua niliko, na atajua kwa nini.