Kompyuta Iliyomkatiza Baba

Kwako mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na mtoto. Sisi hatujambo. Mgongo wa baba unamsumbua kama kawaida yake, ila bado anashona makochi, na bado anasema wateja wa siku hizi hawajui kukaa ndiyo maana makochi yao hayadumu. Picha za harusi zilifika. Nilizitazama peke yangu kwanza, kisha nikampa. Aliziangalia moja moja, akauliza suti yako imeshonwa na nani, akarudi kazini.

Sasa nikueleze habari ya ile kompyuta, maana mengine yote yametokana nayo.

Uliniandikia kwamba baba amekukatia mara tatu mkizungumza kwa video, na kila mara ni pale mazungumzo yalipokaribia ndoa yako na mjane mwenye mtoto. Nilikujibu kwamba hakukata, kompyuta ilijizima. Ukaniuliza ni kompyuta gani hiyo inayochukia wajane. Baada ya hapo hukupokea tena.

Nilihangaika nayo. Kwanza niliulaumu umeme, nikahamisha waya kwenye soketi nyingine. Kisha nikailaumu chaja, nikaazima ya mwalimu jirani. Ikawa yale yale. Mwenzangu wa ofisini akasema ni virusi, akaifuta yote na kuipanga upya. Ilikaa mezani kwangu kutwa nzima bila kuzimika, tukapongezana. Jioni baba akaishika kujaribu kukutafuta, ikazimika. Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza ofisini kuna nini na nyumbani kuna nini. Badala yake nilimwambia baba huenda anabonyeza kitu bila kujua. Alinijibu kwamba ameendesha cherehani tangu sijazaliwa, na kidole chake hakijawahi kugusa asichokijua.

Harusi yako ilikuwa imeshapita nilipomleta fundi nyumbani. Alimwomba baba akae vilevile anavyokaa anapozungumza na wewe. Baba akaketi kitandani, akaweka mto mapajani kwa ajili ya mgongo, na kompyuta juu ya mto. Fundi akacheka, kisha akaomba radhi. Akaeleza kwamba matundu yale ya chini ndiyo pua yake. Ukiyaziba, joto linapanda mpaka inajizima yenyewe isije ikaungua. Alipoifungua, feni ilikuwa imevaa nyuzi za pamba na unga wa sponji kutoka kwenye makochi. Akamwambia baba kwamba hii mzee umeishonea godoro kwa ndani. Baba hakucheka. Aliuliza tu inachukua muda gani kupata moto kiasi hicho. Fundi akasema kwa hali hii, ukiwa unaonana na mtu, robo saa au zaidi kidogo. Baba akatazama dirishani.

Unamjua baba kwa salamu. Atauliza kazi, atauliza mwenye nyumba wako, jirani anayepiga ukuta, baridi, viatu kama vinakutosha, na akimaliza ataanza upya na waliobaki. Jambo zito kwake haliingiliwi moja kwa moja. Basi kila alipomaliza kuzunguka na kukohoa ili aanze, kioo kilikuwa cheusi. Ilipopoa na kukubali kuwaka, wewe ulikuwa umeshaingia kazini.

Nilimsihi akupigie simu ya kawaida, au aniachie nikuandikie ujumbe. Alikataa. Alisema hilo ni neno la kumwambia mtu ukimwona uso. Sikujua neno lenyewe, lakini nilijua si la kukataa, kwa sababu mtu anayekataa hachani nywele kabla ya kupiga. Mstari mmoja ungetosha kukuambia hivyo. Sikuuandika, nikingoja mzee amalize mwenyewe, na wewe ukaoa bila mtu wa kwenu hata mmoja pale mbele. Hilo ninalijuta, na silitafutii sababu.

Fundi alipoondoka, baba aliniambia. Babu, yule aliyemfundisha kushona, ambaye sote tunabeba jina lake, hakumzaa. Bibi aliolewa naye akiwa mjane, na baba akiwa mgongoni. Baba yetu alikuwa mtoto wa kufikia. Alikuja kulijua akiwa ameshaota ndevu, tena kwa mtu baki, kwenye ugomvi. Hajawahi kumwambia mtu, hata marehemu mama. Siku uliyomwambia kuhusu mjane wako akanyamaza, wewe ulisikia kukataa. Yeye alikuwa akitafuta pa kuanzia. Alitaka uwe wa kwanza kujua, akubariki, kisha akuombe kitu kimoja: mtoto wa mkeo asifichwe kwamba si wewe uliyemzaa, na atakayemwambia uwe wewe.

Nilimuuliza kwa nini asikupigie sasa. Akasema hayo yalikuwa maneno ya kabla ya harusi, sasa yamechacha. Mimi sioni hivyo, ndiyo maana nimekuandikia bila ruhusa yake.

Mpigie wewe. Kompyuta imesafishwa, na nimeiwekea ubao imara chini yake, mto umebaki kwa ajili ya mgongo tu. Usimwambie nimeandika. Akiuliza habari za mwenye nyumba, mjibu. Akiuliza viatu, vua umwonyeshe. Ndoa usiitaje; mwache azunguke mpaka afike mwenyewe, na akifika, sikiliza kama mtu ambaye hajawahi kusikia.

Msalimie sana wifi yangu, umwambie hatukumsusa. Naye mtoto msalimie. Katika barua zako zote hukuwahi kunitajia jina lake, nami sikuwahi kuliuliza. Naliuliza sasa.

Ni mimi,
Dada yako