Risasi Sitini Kwenye Trei ya Mkate

Bi Rosalind mpendwa,

Sijawahi kumpelekea mtu wa gazeti mambo ya nyumbani kwangu, na mke wangu Dagny akijua nimeandika sijui atanifanya nini zaidi ya alichokwisha kunifanya, lakini nimeonewa na nataka mtu mwenye akili timamu aseme hivyo hadharani. Mimi ni mpiga shabaha. Kila mwaka mwezi wa Juni tunashindana hapa Kellan Fork kwa bunduki za kizamani, zile za risasi moja moja na baruti nyeusi, na miaka minne mfululizo hakuna aliyenigusa, na siri yangu si macho wala bunduki, ni mafuta. Risasi zangu nazimimina mwenyewe kwenye kalibu, na risasi ya kumimina nyumbani isipopakwa mafuta huacha utando kwenye mtutu mpaka ukifika ya kumi inakwenda inakotaka yenyewe, kwa hiyo nachanganya nta ya nyuki na mafuta ya kondoo, nayeyusha, nazisimamisha risasi kwenye trei, namimina yale mafuta mpaka yazifike kiunoni na kujaza mifereji yake, naacha yagande, kisha nazitoa moja moja kwa ganda tupu la risasi, la shaba, lililokatwa kitako, vile vile mtu anavyokata biskuti.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu Dagny ananiita mtu asiyejali. Madini ya risasi ni sumu, najua, mimi si mjinga, ndiyo maana kuyeyusha nafanyia bandani, mlango wazi, glovu mkononi, na nguo zile haziingii ndani ya nyumba, mwaka wa kumi na saba huu. Ni kupaka mafuta tu ndiko nafanyia jikoni, kwa sababu banda letu hata mwezi wa Mei lina baridi na nta inaganda kabla haijatulia, na nta na mafuta ya kondoo vina ubaya gani, hata mtu akivila hadhuriki. Trei ninayotumia ni ile ya Dagny ya kuokea mkate wa mahindi, kwa kuwa kitako chake kimenyooka kuliko chochote nilichowahi kununua, na nikimaliza naiosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka inang'aa, naipangusa, nairudisha kabatini ilikokuwa. Sikuficha. Yeye hakuniuliza tu.

Jumapili iliyopita alirudi kanisani mapema, kwa kuwa binti yetu Kirsa, ambaye ana mimba ya miezi sita na tunaishi naye tangu Februari mumewe alipokwenda kwenye visima vya mafuta kule Dakota, alijisikia vibaya. Dagny akakuta risasi sitini za mashindano zimesimama kwenye trei. Akaniuliza nimeanza lini kuitumia. Nikamwambia ukweli, miaka sita, na kwamba ni hapo ndipo shabaha yangu ilipoanza kunyooka. Akaibeba pamoja na risasi zake, akatoka nje, akaiweka chini ya gurudumu la gari, akapita juu yake mbele na nyuma mara tatu, na jirani yangu Hollis, ambaye ndiye mshindi wa pili kila mwaka, amesimama kwenye uzio wake na kikombe cha kahawa anatazama. Nilipomwambia amenivunjia heshima, alinijibu, "Kirsa amekula humo, Arlo." Hivyo tu, kisha yeye na Kirsa wakapanda gari hilo hilo wakaenda kwa dada yake mjini Billings, na simu hapokei.

Kirsa amekula humo, ndiyo, sote tumekula humo kila Jumapili, na mkate ulikuwa mtamu. Sasa kosa langu liko wapi? Zile risasi sitini nilizipima uzito moja moja, Bi Rosalind, na mashindano ni Jumamosi hii, na Hollis ameshaanza kuniuliza kwa upole kama bado nitashiriki. Naomba unisaidie maneno ya kumwandikia Dagny, yatakayomfanya arudi aniombe radhi.

Mimi niliyeonewa,
Kellan Fork

Arlo,

Maneno ya kumwandikia Dagny sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Weka gazeti chini, piga simu zahanati, waambie una binti mjamzito ambaye tangu Februari amekuwa akila mkate uliookwa kwenye trei ya risasi, halafu rudi umalizie kusoma. Nilikupigia Jumanne nilipopata barua yako, mara mbili, na hukupokea. Nadhani ulikuwa bandani unamimina sitini nyingine.

Umerudi? Haya. Usidhani unaongea na mtu anayechukia bunduki. Baba yangu alimimina risasi zake mwenyewe maisha yake yote, na harufu ya nta na mafuta ya kondoo ndiyo harufu ya utoto wangu. Kupima sitini moja moja najua ni kazi, na pole kwa hizo. Lakini hebu nijibu wewe uliye makini hivyo: ile nta ilikuwa imezunguka nini? Ukiimimina ya moto juu ya madini ambayo bandani huyashiki bila glovu, kisha ukazungusha ganda lako mara sitini risasi zikikwaruza bati, kinabaki nini kwenye trei? Sabuni ya vyombo inajua kutoa grisi. Madini haiyajui. Trei iling'aa, nakubali, na madini ya risasi nayo yanang'aa.

Ungekuwa hujui, ningekuhurumia. Ulijua, Arlo. Uliyaogopa madini yale kiasi cha kuvua nguo nje ya mlango miaka kumi na saba, kisha ukayapitisha mlango huo huo kwa kuwa bandani kuna baridi. Na unasema hukuficha. Uliiosha, ukaipangusa, ukairudisha ilikokuwa, na kila Jumapili ukakaa mezani ukimtazama mkeo anakatia watu mkate. Alikuwa akuulize nini? Hakuna mwanamke anayefungua kabati asubuhi akawaza kama trei yake imelala na risasi.

Trei ya baba yangu ilitobolewa pembeni, ikapakwa rangi nyekundu, ikatundikwa kwenye msumari wa banda, na huko ilibaki mpaka tulipomzika. Baridi ilikuwepo hata wakati huo. Alikuwa na jiko dogo la umeme humo humo bandani, na akishamimina nta anaifunika trei kwa gunia ili igande polepole. Glovu alivaa mpaka risasi ya mwisho imeingia kwenye boksi, na alinawa kabla hajagusa kitasa cha nyumba. Fanya hivyo, siku ukirudia mchezo huu.

Leo nenda Billings. Gari analo Dagny, kwa hiyo mwombe Hollis akupeleke. Ukifika usitaje heshima yako wala trei. Mwambie Kirsa mwenyewe, kwa kinywa chako, ulifanya nini na kwa miaka mingapi, halafu mwende wote mkapimwe damu, yeye kwanza. Mimi si daktari. Huenda majibu yakawa mazuri, na ninaomba yawe mazuri, lakini mkunga wake lazima ajue wiki hii. Chukueni nafasi ya kwanza mtakayopewa, hata ikiwa ni Jumamosi asubuhi.

Unalalamika kwamba Dagny alisema hivyo tu. Alikuambia kila kitu, na wewe ukakiandika kwa mkono wako mwenyewe, kisha ukarudi kwenye risasi zako. Ukiniandikia tena, niletee namba moja, ile itakayotoka kwenye damu ya Kirsa. Alama za Jumamosi atanipa Hollis.

Rosalind