Darubini Kubwa ya Mghange

Mjukuu wangu Wakesho,

Nakusalimu kutoka huku Mghange. Mama yako hajambo, viazi tumevuna, na goti langu linaendelea vilevile. Umeniuliza ununue darubini gani huko Eldoret ya kutazama mwezi na sayari: ile kubwa au ile ndogo?

Nilipokuwa mwalimu kijana hapa, mgeni mmoja aliiachia shule yetu darubini kubwa, nzito kama gunia la mahindi. Walimu wa Voi waliiomba, tukakataa. Sisi watu wa milimani tulijua Voi ni joto na vumbi tu, na huku juu ndiko karibu na mbingu. Tukaisimamisha uwanjani. Kila jioni ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukatufunika sisi na darubini yetu.

Likizo moja nilishuka Voi kwa dada yangu. Jirani yake alikuwa na darubini ndogo yenye miguu imara. Aliitoa nje kwa mkono mmoja, akaiweka uani, akaniambia, "Mwalimu, karibu utazame." Nikaona mashimo ya mwezi, halafu sayari ya Zohali na pete yake.

Kwa hivyo, kabla hujauliza inakuza mara ngapi, inyanyue kwanza hapo dukani. Kama huwezi kuibeba mwenyewe hadi penye anga safi, iache.

Ile yetu bado iko shuleni. Kitu pekee nilichowahi kuona kwayo ni ukungu wa Mghange, na kwa kweli iliukuza vizuri sana.

Nyanya yako