Chumba cha Mama Chenye Roshani

Nyumba Na. 14, Ghorofa ya Tatu,
Mtaa wa Mafundi.
9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji yangu naye hajambo? Mapacha wanaendeleaje, na yule aliyekuwa akisumbuliwa na jino ameshapona? Waambie mama yao mkubwa bado ana nguvu za kuwabeba wote wawili kwa mpigo, hata kama picha ulizotuma zinanikanusha. Sisi huku wazima. Goti langu hunikumbusha umri kila nikipanda ngazi, lakini kazi ya wodini naiweza bado, na wauguzi wapya wananiogopa inavyostahili.

Kabla sijafika mbali, nikuombe radhi. Mwezi wa tatu Mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Hatukukwambia. Alipasuliwa, mambo yakaenda vizuri, nami nikasema tusikutie kiwewe hali uko mbali. Uamuzi ulikuwa wangu, kwa hiyo ukitaka kumgombeza mtu, nigombeze mimi, Kaka Mkubwa mwache. Sasa anatembea hatua kumi kwa fimbo. Zikizidi hapo ni kiti cha magurudumu.

Kilichotuchosha ni lifti. Ya jengo letu ilikufa tangu mwaka jana, na kila wiki tunaambiwa fundi yuko njiani. Kwa hiyo Mama hajakanyaga chini ila siku za kliniki, tena kwa kubebwa kama godoro. Maneno yake hayo. Mtu aliyewashonea watoto wa mtaa mzima sare za shule miaka arobaini, leo anauona mtaa kwa kuuchungulia dirishani. Akaanza kunyamaza. Unamjua: Mama akigomba ujue mzima, akinyamaza ndiyo uhofu.

Sifa apewe mwenyewe, wazo la safari ya meli lilikuwa la Kaka Mkubwa. Alipeleka shehena bandarini na lori lake, akaiona meli ya kitalii imefunga gati pale, ina lifti nane na korido za kupita viti vya magurudumu. Siku saba majini, Mama haguswi na ngazi hata moja. Sote tulishangilia. Ila bwana mkubwa alikuwa ameshajaza fomu kabla ya kuuliza mtu, na chumba alichochagua ni cha ndani kabisa, hakina hata dirisha.

"Si ataingia kulala tu?" akasema. "Mchana tutamsukuma juu akaone bahari."

Mama akaweka kikombe chini. "Nikitaka kulala gizani, kaburi lipo, wala halina haraka. Mimi nataka chumba chenye roshani. Nikiamka saa kumi na moja alfajiri nifungue mlango mwenyewe, nitoke nje, nisimwamshe mtu wala nisingoje kusukumwa."

Hakuwa amesema maneno mengi hivyo mwezi mzima. Kaka akaichana ile fomu bila kuambiwa.

Kesho yake nikaenda kwa wakala wa tiketi. Nilidhani roshani ni roshani, nitaweka saini nirudi kupika. Kumbe! Dada wa pale, miwani imemfika puani, akanikunjulia ramani ya meli kubwa kama shuka. Akanionyesha roshani za sitaha ya sita, bei nafuu. Nikauliza vile vidude vya rangi ya chungwa vilivyochorwa mbele ya roshani hizo ni nini.

"Ni mashua za kuokolea watu, mama."

"Kwa hiyo mzazi wangu aamke atazame tumbo la mashua?"

Akacheka, akapandisha kidole hadi sitaha ya juu kabisa. Huko mandhari hayana mfano, lakini ndiko meli inakoyumba zaidi, na tumbo la Mama unalijua tangu zama za basi la kwenda kwa babu. Tukashuka ya saba, katikati ya meli, mahali palipotulia. Nikaridhika. Kalamu mkononi, nikampigia Mama kumpa habari njema.

Akauliza jambo moja tu. "Ukingo wa hiyo roshani ni wa nini, na kimo chake?"

Dada akatazama. Bati zito, mita moja na sentimita kumi.

"Nimejipima na utepe wangu hapa kwenye kiti," Mama akasema. "Kutoka sakafuni mpaka jichoni ni mita moja na sentimita tano. Mnataka nilipe nikae ndani ya ndoo?"

Yule dada alivua miwani. Akaniambia amekata tiketi miaka sita na hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Akapiga simu kwenye kampuni, akasubiri, akapiga tena. Sitaha ya nane, katikati, ukingo wa kioo kitupu kutoka juu hadi chini, na mlango usio na kizingiti. Vilibaki vyumba viwili vya aina hiyo: kimoja cha watu wawili, kingine cha watatu. Nikasema cha wawili kinatutosha, Mama na mimi. Kaka na wifi wamekishikilia kile cha gizani. Dereva anasema ameona mandhari ya kumtosha maisha.

"Chukua cha watatu," Mama akasema kwenye simu.

"Wa tatu nani?"

"Kitinda mimba wangu."

Basi nimekuandikisha. Meli inafika kwenye bandari yenu tarehe 22 Agosti saa mbili asubuhi, na wakala amethibitisha unaweza kupandia hapo na kushukia hapo hapo inaporudi. Usinitajie umbali. Omba ruhusa pale maktaba leo hii, na shemeji atawaweza mapacha siku tano. Mwanamume hafi kwa kupika uji.

Mdogo wangu, miaka tisa ni mingi. Tangu ulipofika ukatukuta tunatoka makaburini kumzika Baba, barua zako ni tamu lakini mwenyewe huji, na sababu yako naijua ingawa hujawahi kuitamka. Nilipokuwa naandika haya nilimwuliza Mama kama ana neno la kuongeza. Akasema:

"Mwambie siku ile hakuchelewa. Mimi ndiye niliyeharakisha kuzika."

Nimeandika kama alivyosema.

Kaka Mkubwa na wifi wanakusalimu, na jirani yetu fundi saa haachi kukuulizia. Nibusie mapacha, umsalimie shemeji. Mungu awafunike kwa rehema zake na aifanye bahari iwe shwari siku hiyo.

Ni mimi nikupendaye, nisiyetarajia jibu la hapana,
Dada yako