Hilo Neno Vinasaba

Jumanne, Ruhuwiko

Kosa ni langu. Kwenye simu ningesema kipimo cha damu tu, nisingetaja vinasaba.

Mama mkwe ameshuka leo kutoka Madaba. Sikumaliza hata shikamoo, akauliza, "Mnampima mwanangu vinasaba vya nini?" Kisha akamtazama binti yangu usoni, muda mrefu. Nikajua anachowaza. Huku kwetu vinasaba ni kesi ya baba wa mtoto.

Nikajikaza. Nikamweleza kwamba mume wangu ana saratani ya damu, kwamba wametoa uloto kwenye mfupa wa nyonga wakaupeleka Dar, waangalie kama kromosomu zimekatika na kubadilishana vipande. Wakiiona hitilafu hiyo, ina vidonge vyake. Wasipoiona... sitaki kuandika.

"Haihusu mtoto, mama. Wala ukoo."

Nilidhani atatulia. Akanifuata jikoni, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Na baba yenu kule Madaba, hataitwa kutoa damu?"

Nikasema hapana, haitwi.

Akashusha pumzi, akaanza kunisaidia kumenya viazi.

Sasa mume wangu amelala, nami namkodolea macho, natafuta pua ya baba mkwe usoni kwake.