Chachu ya Mama Yake Mzee Orrin

Marlys, mwenzio nimeaibika. Usimwambie mtu.

Tumefikia kahosteli kazuri hapa Anchorage, mbali na mitaa ya watalii, jiko ni la wote. Asubuhi nikakuta mtungi rafuni, ndani kama uji mweupe, unatoa povu na kunuka ukali. Nikasema huu umeoza, mwanangu Tessa akiuonja ataumwa tumbo. Nikaumwaga wote, mtungi nikausugua ukang'aa!

Marlys, ilikuwa chachu ya mkate, ile inayotunzwa hai miaka na miaka kwa kulishwa unga! Mimi mzaliwa wa Alaska, hata bibi yangu alikuwa nayo! Woga ulinipofusha.

Mwenye hosteli, mzee Orrin, akaushika mtungi. "Nani kauosha huu?"

"Mimi, mzee wangu. Nilidhani umeoza."

Akauweka mezani. "Aliniachia mama. Nailisha unga tangu tumzike."

Tangu tumzike, Marlys! Heri angenitukana.

Halafu akatoa mkate wa jana, wa mwisho wa chachu ile, akamkatia Tessa kipande cha kwanza. "Kula, mjukuu wangu. Mama alitaka watoto waanze."

Nakuonya, ukiwa kwa watu uliza kabla hujamwaga kitu.

Tessa ananiuliza kama kesho tutapewa tena.