Ombi la Israeli Uliloniachia

Mama,

Jumamosi iliyopita nilisimama mahali pako. Akina mama wa maombi walijaa sebuleni kwa Mama Neema kule Burnsville, viatu vimerundikana mlangoni na theluji inayeyuka kwenye mkeka. Mwenyekiti akasema sasa binti atashika zamu ya mama yake. Zamu ya kuiombea Israeli, ambayo kwa miaka kumi hakuna aliyethubutu kukunyang'anya. Nusura nirudi garini. Usicheke, unajua mimi si mtu wa kuogopa kuongea.

Hospitalini, ulipokuwa bado na sauti, ulinishika mkono ukaniambia, "Hayo mengine fanya vile unaona. Lakini ombi la Israeli usiliache." Nikasema ndiyo, Mama. Ningesema nini? Siku ile ungeniambia nirudi tumboni ningesema ndiyo. Ila ndiyo hiyo imeninyima raha tangu tukuzike, na wa kumweleza ni wewe tu.

Unamkumbuka Hanan. Mlifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee kule Maplewood, mkiwageuza wagonjwa kitandani, wewe kushoto yeye kulia. Alipokuambia kwao ni Bethlehemu, ulishindwa hata kula. Ukamleta kwenye maombi ukiwa na kitenge kipya, ukamtambulisha kwa sauti yako ya mkutano wa injili: huyu ni binti wa Israeli, ametoka palepale Yesu alipozaliwa! Vigelegele. Mkamfunga leso. Naye akangoja kelele zitulie, akasema kwa upole kwamba yeye si Mwisraeli, ni Mpalestina, na ni Mkristo kama ninyi. Ndipo ukamuuliza, Mama, mbele ya watu wote, ni nani aliyemletea injili.

"Kwetu ndiko ilikotoka," akajibu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wewe ulicheka, ukidhani ni mzaha. Hasira zilikupata kwenye gari. Ukasema Wapalestina wamekalia ardhi ambayo Mungu alishampa Abrahamu, na Neno halina kona mbili. Nikauliza, na Hanan je? Ukaniambia, "Wewe drive tu." Nikaendesha. Tangu siku hiyo ukawa unamsalimia kwa kichwa.

Halafu kulikuwa na mzee Aaron wa chumba cha mwisho, Myahudi, mwalimu mstaafu. Huyo ulimpenda kama baba. Ulimsomea Mwanzo, ahadi yote ya ardhi pamoja na mito ya mipaka yake. Mzee akakuambia haamini kwamba Mungu amewahi kumpa mtu kiwanja. Anachojua ni kwamba shangazi zake waliuawa Ulaya kwa kukosa pa kukimbilia, na kwamba watu wake wanahitaji nchi moja ambako hawatafukuzwa. Ukarudi nyumbani kumwombea aamini. Mama yangu wewe! Ulimhubiria Myahudi ahadi asiyoitaka, ukamhubiria mwanamke wa Bethlehemu injili aliyozaliwa nayo. Ninacheka hapa peke yangu na machozi yananitoka.

Nimewafikiria sana hao wawili. Hakuna kati yao aliyekuja na aya. Mzee alizungumza habari ya taifa lake lililokosa kwao, na Hanan habari ya taifa lake lililokuwa na kwao likafukuzwa. Najua huko wapo, Wayahudi kwa Waislamu, wanaodai kwa maandiko, na wako radhi kufa kwa ajili hiyo. Lakini madai ya watu yanaweza kukaliwa kitako yakazungumzwa, hata kama wenyewe wanachukiana. Ukishasema Mungu ndiye aliyetia sahihi, mwenzako aseme nini tena? Nakusikia ukinijibu kwamba bila Mungu ardhi inakuwa ya mwenye nguvu. Kwa hilo sina jibu zuri, Mama. Nalitafuta bado.

Tulikuzika huku ugenini, Inver Grove Heights. Hatukukupeleka nyumbani kwa sababu hakukuwa na nyumbani pa kukupeleka, na hilo lilitutia aibu mbele ya wajomba. Hanan alikuja, akasimama nyuma kabisa. Wiki iliyofuata alileta sufuria ya wali na kuku, kama tufanyavyo sisi kwenye matanga. Tukakaa jikoni. Akanieleza kitu kilichonifanya niweke kijiko chini.

Alisema kwamba mwezi mmoja kabla hujalazwa, mkiwa mnakunja shuka, ulimwomba akuonyeshe picha ya shamba la babu yake. Ni shamba la mizabibu, na sasa liko upande wa pili wa ukuta uliojengwa na Israeli, hawawezi kulifikia. Uliitazama sana ile picha. Ukamwambia kwamba nasi tulikuwa na shamba Bonde la Ufa, mlilolinunua wenyewe, hatimiliki mkononi. Mpaka asubuhi moja jirani mliyekuwa mkiombana chumvi aliposimama langoni na wenzake akasema, "Hii ardhi Mungu aliwapa babu zetu. Tokeni."

Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka moshi, nakumbuka blanketi ulilonifunika kichwani. Hayo maneno sikuwahi kuyasikia. Hukuwahi kutuambia kwamba alimtaja Mungu. Ulimwambia Hanan, mimi mwanao ukaninyima, na nimekukasirikia kwa hilo.

Sasa ulitaka nini, Mama? Ulijua, na bado ukaniagiza. Pengine ulikuwa umeanza kuomba tofauti. Pengine hukubadilika hata chembe, ulimwonea tu mwenzako huruma. Siwezi kukutilia maneno kinywani.

Basi niliomba hivi. Nikaomba watu wa Israeli wakae salama, asiwepo wa kuwafukuza tena. Nikaomba Wapalestina wakae salama vilevile, kwao, kwa jina lao. Shamba la babu yake Hanan nikalitaja. Nikasema, Bwana, sisi mipaka ya kule hatuijui, tunachojua ni kufukuzwa. Na ni kweli, nusu ya wale wamama walichomewa nyumba kama sisi.

Amina zilikuwa mbili, moja ya mtu aliyekuwa akisinzia. Mama Neema akaniangalia. "Binti, unataka kusahihisha Neno?" Nikaenda jikoni kusaidia kubeba vikombe. Tulikunywa chai bila hadithi, na kabla sijavaa koti zamu ilikuwa imepewa mwingine.

Nimekupotezea mahali pako. Hilo linaniuma kuliko nilivyodhani, kwa sababu pale sebuleni ndipo mahali pekee nilipokuwa nikikusikia bado.

Lakini ombi sijaliacha. Ninaomba asubuhi kwenye maegesho ya kazini kabla ya shifti, injini ikiunguruma ili hita isizime. Nakuahidi sitaliacha. Nitaiombea Israeli kama nilivyokubali nikiwa nimekushika mkono, nitawaombea na akina Hanan, na sitamwomba Mungu amtoe mtu yeyote langoni kwake ili nipate Amina za watu.

Lala, Mama. Hapo ulipo hakuna atakayekuja kukuambia utoke.

Binti yako,
Moraa